Nyonga mpya, pikipiki ileile: kijana wako arudi lini barabarani?

Zamani kubadilishiwa nyonga kulionekana kuwa jambo la wazee, tena wenye uwezo. Wagonjwa wengi wa Tanzania walisubiri rufaa ya kwenda India. Siku hizi upasuaji huu unafanyika hapa nchini. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, ni moja ya mahali unapofanyika. Na wanaolazwa si wazee peke yao. Wamo vijana wa miaka 20 na 30 ambao nyonga zao zimeharibika mapema.

Mabadiliko haya ni habari njema. Lakini yameleta swali ambalo halikuwepo nyumbani wakati mgonjwa alikuwa babu. Babu akirudi kutoka hospitali hukaa barazani. Kijana akirudi anaulizia pikipiki yake. Bodaboda ndiyo inayolipa kodi ya chumba, unga na ada ya mtoto, na mara nyingi bado ina deni. Kidonda kikikauka tu, anaanza kusema amepona.

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili yako mama, dada, mke au mlezi unayeishi na kijana huyo. Utakusaidia kujua nini kinaendelea ndani ya nyonga yake, kwa nini kukauka kwa kidonda si kupona, na namna ya kupanga mambo ya pesa ili asirudi barabarani kabla ya wakati.

Kwa nini vijana wanabadilishiwa nyonga?

Nyonga ni kiungo cha mpira na kikombe. Kichwa cha mfupa wa paja, chenye umbo la mpira, huzunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Kichwa hicho hupata damu kupitia mishipa midogo. Damu isipofika, mfupa hufa polepole, unabonyea, na kijana anaanza kuchechemea kama mzee.

Kwa vijana wetu, chanzo kimojawapo kikubwa ni selimundu (sikoseli). Inakadiriwa kuwa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Chembe zao za damu zikijikunja huziba mishipa midogo, na kichwa cha mfupa wa paja ni mahali panapoumia kwa urahisi. Zamani wengi wa watoto hawa walifariki wakiwa wadogo. Sasa wengi zaidi wanakua, wanaoa, wanafanya kazi, na wanafika umri ambao nyonga inawasumbua.

Vyanzo vingine ni ajali iliyovunja shingo ya mfupa wa paja, matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi, na unywaji mwingi wa pombe.

Katika upasuaji, daktari huondoa kichwa kilichoharibika na kuweka kingine cha chuma au kauri, chenye shina linaloingia ndani ya mfupa wa paja. Kwenye kiuno huwekwa kikombe kipya. Maumivu ya miaka mingi yanaweza kupungua sana ndani ya wiki chache. Hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa sababu kijana anajisikia vizuri kabla kiungo hakijawa tayari.

Nini bado hakijapona kidonda kinapokauka?

Ngozi hufunga kwa wiki mbili au tatu. Chini yake kuna misuli iliyokatwa au kusogezwa, na nyama zinazoizunguka nyonga ambazo lazima zikaze upya ili mpira ubaki ndani ya kikombe. Kwa aina nyingi za nyonga bandia, mfupa pia unahitaji muda wa kushikana na chuma. Kazi hiyo huchukua miezi.

Katika miezi mitatu ya kwanza, jambo linaloogopwa sana ni nyonga kuchomoka, yaani mpira kutoka ndani ya kikombe. Ndiyo maana wagonjwa wengi, hasa waliofanyiwa upasuaji kwa kupitia nyuma ya nyonga, huambiwa mambo matatu: goti lisipande juu kuliko nyonga, miguu isipishanishwe, na mguu uliofanyiwa upasuaji usigeuzwe kwa ndani. Muulize daktari kijana wako alifanyiwa kwa njia ipi na masharti yake ni ya muda gani, kwa kuwa hayafanani kwa kila mtu.

Nyumbani kwetu masharti hayo ni magumu kuliko yanavyosikika. Choo cha kuchuchumaa kinayavunja. Kigoda, mkeka na godoro la chini vinayavunja. Kusujudu kunayavunja pia, kwa hiyo mwenye kuswali huswali akiwa amekaa kwenye kiti. Kabla hajaruhusiwa kutoka wodini, tafuta kiti imara cha kawaida, kitanda kilichoinuka, na kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo la choo. Fundi seremala wa mtaani anaweza kukitengeneza kiti hicho kwa siku moja.

Pikipiki inadai nini kwenye nyonga?

Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza huwaambia wagonjwa waliobadilishiwa nyonga wasubiri takriban wiki 6 kabla ya kuendesha gari. Vijana wengi husikia "wiki sita" na kuishika. Lakini gari lina milango na magurudumu manne. Halikuombi ulibebe.

Fikiria anachofanya dereva wa bodaboda. Pikipiki imesimama kwenye stendi, imeinamia kushoto. Anapanda kutokea upande huo, akirusha mguu wa kulia juu ya kiti. Kama nyonga ya kulia ndiyo iliyobadilishwa, inakunjwa na kuzungushwa kwa wakati mmoja. Kama ni ya kushoto, ndiyo inayobeba uzito wake wote wakati mguu mwingine uko hewani.

Akiwa barabarani, mguu wa kulia unakanyaga breki ya nyuma na wa kushoto unabadilisha gia. Mtoto akikatiza mbele yake, mguu wa kulia lazima ukanyage kwa nguvu papo hapo, bila maumivu kuuchelewesha hata kidogo. Akisimama kwenye foleni, mguu wa kushoto mara nyingi ndio unaoshika pikipiki yenye uzito wa zaidi ya kilo 100, pamoja na abiria na mzigo wake. Abiria akiegemea upande mmoja, au tope likiteleza, nyonga hiyo inapokea yote.

Kubwa kuliko hayo ni kuanguka. Kwa mtu mwenye nyonga bandia, mfupa unaweza kuvunjika kuzunguka lile shina la chuma. Mvunjiko huo ni mgumu kutibu kuliko wa kawaida, na mara nyingi unadai upasuaji mkubwa na vifaa vingine vya gharama.

Kwa nini upasuaji wa pili si sawa na wa kwanza?

Nyonga bandia haidumu milele. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet ulionyesha kuwa, kati ya nyonga bandia 100, karibu 58 zilikuwa bado zinafanya kazi baada ya miaka 25. Takwimu hizo zilitoka nchi tajiri, na wengi wa wagonjwa walikuwa watu wazima wa makamo na wazee. Kijana hutembea zaidi na hubeba zaidi, na nyonga yake huwa inachakaa mapema zaidi.

Hesabu mwenyewe. Aliyebadilishiwa akiwa na miaka 25 anaweza kuhitaji nyingine kabla hajafika 50. Kila anaporudi chumba cha upasuaji, mfupa uliobaki ni mdogo zaidi, damu inayopotea ni nyingi zaidi, na hatari ya maambukizi inapanda. Kwa mwenye selimundu, ambaye kila upasuaji unahitaji maandalizi ya damu, maji, oksijeni na joto la mwili, mzigo huo ni mzito maradufu.

Kwa hiyo miezi mitatu au sita ya kusubiri ni bei ya kuitunza nyonga ambayo anaihitaji kwa miaka 20 ijayo.

Basi arudi lini?

Hakuna tarehe moja kwa wote. Tarehe yake itatoka kwa daktari aliyemfanyia upasuaji, baada ya kumwona na kuangalia eksirei. Kwa jumla mambo huenda hivi:

Wiki ya 1 hadi ya 6. Anatembea kwa magongo au fremu, anafanya mazoezi aliyopewa na mtaalamu wa mazoezi tiba, na anameza dawa ya kuzuia damu kuganda kwa siku zote alizoandikiwa. Asiendeshe pikipiki, na asipakiwe. Kwenda kliniki atumie teksi au bajaji. Aweke mto kwenye kiti ili kiinuke, aanze kukaa kwa makalio, kisha aingize miguu polepole.

Wiki ya 6 hadi ya 12. Anaacha magongo polepole. Wengine huruhusiwa kuendesha gari. Pikipiki bado.

Kuanzia mwezi wa 3. Madaktari wengi hapa ndipo wanapoanza kuzungumzia pikipiki, na wengine husema mwezi wa 6. Wapo wanaomshauri mgonjwa aache kabisa bodaboda ya biashara, kwa sababu ya hatari ya kuanguka kila siku. Ukisikia ushauri huo, usiuone kuwa ni ukali. Muulize daktari sababu yake, na muulize ni kazi gani anaiona inafaa.

Kabla hajapanda, mwombeni mtaalamu wa mazoezi tiba aangalie mambo haya:

- Anatembea bila kuchechemea na bila gongo.
- Anaweza kusimama kwa mguu uliofanyiwa upasuaji peke yake bila kiuno kuinama upande.
- Anaweza kukanyaga kwa ghafla na kwa nguvu bila maumivu.
- Anaweza kupanda na kushuka pikipiki iliyozimwa, ikiwa kwenye stendi ya kati na mtu ameishika.
- Hatumii tena dawa za maumivu zinazoleta usingizi, kama tramadol.

Siku za kwanza aendeshe peke yake, mchana, kwenye barabara anayoijua. Abiria na mizigo visubiri wiki kadhaa, na mishikaki iachwe kabisa. Kofia ngumu ivaliwe na kufungwa kidevuni kila safari. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kuwa kofia hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kijana aliyeokoa nyonga yake asipoteze kichwa.

Kama daktari anakubali, bajaji inaweza kuwa daraja la kurudia kazini. Haihitaji kurusha mguu juu ya kiti wala kuishikilia isianguke, na gia zake hubadilishwa kwa mkono. Breki yake bado ni ya mguu wa kulia, kwa hiyo mwenye nyonga mpya ya kulia naye asubiri nguvu zirudi.

Kinachomrudisha mapema ni hesabu

Tukiwa wakweli, vijana wengi wanajua kuwa hawajapona. Wanarudi kwa sababu ya hesabu. Anayeendesha pikipiki ya mtu hupeleka kiasi fulani kila siku. Aliye kwenye mkataba hulipa mpaka pikipiki iwe yake, na akikatisha malipo, mwenye chombo anaweza kuichukua hata kama imebaki miezi miwili. Mtu aliye katika hali hiyo, ukimwambia "subiri miezi mitatu" umempa ushauri asioweza kuufuata.

Ndiyo maana mazungumzo ya pesa yafanyike kabla ya upasuaji. Upasuaji wa nyonga mara nyingi hupangwa kwa tarehe. Tumia muda huo.

Zungumza na mwenye pikipiki. Nendeni wawili, kijana na mzazi au mke, na barua ya hospitali mkononi. Mnaweza kusema hivi: "Bosi, kijana anafanyiwa upasuaji mwezi ujao na hataendesha kwa miezi mitatu au zaidi. Tunaomba mkataba usimame, au tuweke deiwaka aendeshe na hesabu iendelee." Bosi wengi wanapenda kuambiwa mapema kuliko kukimbiwa. Mkikubaliana, yaandikwe, yasainiwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa au shahidi mwingine, na kila upande ubaki na nakala.

Ukimweka deiwaka, kubalianeni nani analipa matengenezo, faini na uharibifu. Mpate mtu anayejulikana kijiweni na mwenye leseni.

Uliza kijiweni. Vijiwe vingi vina mfuko wa kusaidiana kwenye msiba na ugonjwa. VICOBA chako kinaweza pia kuwa na fungu la jamii. Ulizia masharti mapema, usingoje siku unga umeisha.

Jihadhari na mikopo ya kausha damu. Mkopo wa riba ya kila wiki ndio unaompandisha kijana pikipiki akiwa bado na gongo. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, haina riba na imegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Inahitaji utaratibu na muda, kwa hiyo haifai kwa dharura. Inaweza kufaa kama familia inafikiria kazi nyingine ya kudumu.

Ulizia bima kwa maswali mahususi. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na familia nyingi zinadhani kadi yoyote italipa kila kitu. Uliza dirishani: je, kadi hii inalipia kiungo bandia chenyewe, au chumba cha upasuaji na kitanda tu? Mazoezi tiba je? Na kumbuka kuwa bima ya mtu wa tatu ya pikipiki hailipi majeraha ya dereva mwenyewe.

Hapa pia kuna jambo la kuwaambia wanaopanga sera. Hospitali imetengeneza nyonga, lakini hakuna anayelipa ile miezi mitatu ya kukaa nyumbani. Mfanyakazi wa ofisini ana likizo ya ugonjwa. Dereva wa bodaboda ana wewe. Siku viongozi wa mtaa, wa chama cha bodaboda au mbunge wako wakiitisha kikao kuhusu bima, liseme hili: matibabu yasiyo na muda wa kupona ni nusu ya matibabu.

Kama ana selimundu, usikosee maumivu

Mama wa mtoto mwenye selimundu anayajua maumivu. Miaka 20 umekesha nayo. Ujuzi huo ni hazina, ila baada ya upasuaji unaweza kukupotosha. Nyonga mpya ikiuma, wote wawili mtasema "ni yale yale", mtampa maji na dawa na kungoja yapite. Yanaweza kuwa yale yale. Yanaweza pia kuwa maambukizi, mvunjiko, au nyonga iliyochomoka.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona:

- Maumivu makali ya ghafla, mguu umekuwa mfupi au umegeuka, hawezi kuukanyagia. Asivutwe wala kukandwa. Mlaze, asile chochote, mpeleke.
- Homa, kidonda kutoa maji au usaha, au wekundu unaoenea.
- Mguu kuvimba na kuuma kwenye ndama.
- Kifua kuuma au kushindwa kupumua. Hii ni dharura kwa yeyote, na kwa mwenye selimundu zaidi.
- Maumivu mapya ya paja au kinena anapotembea, hata kama ni miaka baada ya upasuaji.
- Ameanguka na pikipiki, hata akisema hajaumia.

Miaka ikipita, jino bovu, jipu au maambukizi ya mkojo yasipuuzwe. Vijidudu vinaweza kusafiri kwenye damu na kujificha kwenye kiungo bandia. Kila mhudumu wa afya atakayemwona aambiwe kuwa ana nyonga ya bandia.

Akirudi kazini, anywe maji ya kutosha, avae koti kwenye mvua na baridi ya usiku, na asiache dawa zake za kila siku wala kliniki ya selimundu. Nyonga moja imebadilishwa, lakini ugonjwa bado upo, na nyonga ya pili inaweza kufuata.

Maswali ya kwenda nayo kliniki

Yaandike kwenye karatasi na uyaulize kijana akiwepo, ili jibu liwe la daktari na lisiwe la mama:

1. Ni mikao gani haruhusiwi, na kwa muda gani?
2. Je, anaweza kurudi kwenye bodaboda ya biashara? Kama ndiyo, kuanzia mwezi gani? Kama hapana, ni kazi gani inafaa?
3. Tunaweza kupata barua inayotaja muda wa kupumzika, ya kumwonyesha mwenye pikipiki?
4. Tukiona dalili ya hatari usiku, tumpeleke wapi?

Barua ya swali la tatu ni muhimu kama dawa. Kijana anaweza kubishana na wewe, na bosi anaweza kubishana na kijana, lakini karatasi yenye mhuri wa hospitali na tarehe huwapa wote sababu ya kusubiri.